Mbegu ya Punda Dume

Leo tutasema juu ya punda, na sababu gani jike hashiki mimba. Msione haya kusikia maneno haya. Mtu asiyejua namna nyama zake wanavyozaa hawezi kuwafuga.

Kwanza niungame kosa langu. Mtu mmoja alinijia akasema: "Monitere, punda wangu jike amepandwa mara tatu, hana mimba." Nikamjibu upesi: "Huyo ni tasa, umuuze." Akamuuza kwa franga kidogo kwa watu wa mugini mwingine. Kule akapandwa na dume wao, akazaa. Na kwetu majike wengine wawili hawakushika. Ndipo nikakumbuka: dume wetu alikuwa na homa kali wakati wa mvua. Jike hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika mbegu ya dume, na katika kinywa changu.

Sikilizeni sababu yake. Mbegu hutengenezwa ndani ya makende. Makende hukaa nje ya tumbo ili yapate baridi kidogo, maana moto wa mwili huharibu mbegu. Homa ikija, ao makende yakivimba, mbegu huharibika. Katika tone moja mna mbegu ndogo mamilioni, hazionekani kwa macho. Muganga akizitazama kwa darubini, zile nzima zinakwenda mbele mbio. Zile mbovu zinazunguka pahali pamoja, ao zimekufa.

Dume aliyepona huonekana mzima. Anakula, analia, anapanda. Lakini mbegu mpya hutaka karibu miezi 2 kutengenezwa. Kabla ya siku hizo anaweza kupanda bure. Farasi dume naye ni vilevile.

Basi fanyeni hivi:

1. Dume asipande kabla ya kupata miaka 3.

2. Akipata homa, hesabuni miezi 2 tangu siku ya kupona, ndipo mmpe jike.

3. Mpeni kivuli, majani mengi na maji safi. Asivute gari wakati wa jua kali.

4. Jike anayetaka dume hufungua na kufunga kinywa kama anatafuna, mate yanatoka, masikio yamelala nyuma. Hali hiyo hukaa siku 6 mpaka 9. Mleteni kwa dume, mruke siku moja, mmlete tena, mpaka amkatae.

5. Punda dume hukawia kuliko farasi, pengine nusu saa ao zaidi. Msimpige, mngojeeni.

6. Jike akitaka dume tena baada ya wiki 3 na siku chache, hakushika. Akitulia, ngojeni: mimba ya punda ni karibu miezi 12, ya farasi ni 11.

Tena, msinunue nyumbu dume kwa kupandisha. Mama yake ni farasi, baba yake ni punda, naye hazalishi.

Yule mtu sasa anabeba unga wake kwa kichwa. Nikikutana naye njiani, naona haya. Kwa hiyo nawaomba: kabla ya kusema "jike huyu ni tasa", ulizeni kwanza, "Dume aliugua lini?"