Kufunga Njia Wakati wa Maradhi, na Haki ya Mwenye Njaa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuteremsha maradhi na kuteremsha pamoja nayo dawa zake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake wote.

Ama baad. Enyi ndugu Waislamu mliohudhuria msikitini, nanyi akina mama, wazee na wanafunzi mnaotusikiliza majumbani, nakuusieni pamoja na nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu katika siri na dhahiri.

Mas-ala tuliyoyakusudia leo bado yanabishaniwa vibarazani, ingawa Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kuwa dharura ya maradhi ya korona imekwisha. Wako wasemao kuwa kuzifunga njia, masoko na misikiti kuliokoa roho za watu. Wako wasemao kuwa kulileta njaa tu. Na kila kundi lina ushahidi wake, kwa hiyo mabishano hayamaliziki. Lakini maradhi mengine yatakuja, na yatakapokuja watakaotoa amri ni vijana hawa wanaosoma leo.

Ilikuwa siku ya Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020, ilipotangazwa nchini Kenya kuwa mgonjwa wa kwanza amepatikana. Kabla ya mwezi ule kwisha milango ya misikiti ilikwisha fungwa, na skuli zimefungwa, na tangu tarehe 27 ikawa marufuku mtu kuonekana nje kuanzia saa 1 ya usiku mpaka saa 11 ya alfajiri. Mwezi wa Aprili ikakatazwa kuingia wala kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi. Kisha tarehe 6 Mei, Ramadhani ikikaribia nusu yake, Mji wa Kale wa Mombasa na mtaa wa Eastleigh wa Nairobi ikafungwa peke yake, na haikufunguliwa mpaka mwanzoni mwa Juni. Mwajua wenyewe Ramadhani ya Mji wa Kale ilivyo. Wako watu ambao riziki yao ya mwezi mzima hutoka katika saa mbili baina ya Alasiri na Isha, kwa mbaazi, kwa viazi vya karai, kwa kaimati. Saa ile ndiyo iliyofungwa.

Je, ilikuwa haki kufunga? Tuanze na hilo, kwani wako waliosema, na baadhi yao ni watu wa elimu, kuwa kukimbia maradhi ni udhaifu wa imani.

Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika mahali panapoitwa Sargh, majemadari wake wakamlaki, naye Abu Ubayda bin al-Jarrah akiwa miongoni mwao, wakampa habari kuwa tauni imeingia katika nchi ile. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina akawataka rai, wakakhitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitilafiana vile vile. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakawa na neno moja, kwamba arudi na watu wake. Akatangaza kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Sayyidna Umar alisikitika neno lile kutoka katika kinywa cha Abu Ubayda, akamjibu kuwa ndiyo, wanaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremkia bonde lenye pande mbili, mmoja una malisho na mmoja mkavu, kuwa popote atakapolisha atakuwa amelisha kwa kadari. Ndipo alipotokea Abdurrahman bin Awf, ambaye hakuwapo, akaeleza kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akikataza mtu kuingia katika nchi yenye tauni, na akimkataza aliyomo asitoke kwa kuikimbia.

Basi kufunga njia kuna asili katika dini yetu. Na kuufunga msikiti kwa dharura si jambo la ajabu kwa aliyesoma, kwani siku ya mvua kubwa Ibn Abbas alimwamuru muadhini awanadie watu wasali majumbani mwao, akasema kuwa aliye bora kuliko yeye aliwahi kufanya hivyo. Hija yenyewe, ambayo mwaka wa 2019 ilihudhuriwa na watu wapatao milioni mbili na nusu, mwaka wa 2020 ilihijiwa na watu wapatao elfu moja tu. Machi ya mwaka ule hapakuwa na chanjo yoyote. Chanjo za mwanzo ziliwasili Kenya tarehe 3 Machi 2021. Aliyefunga alikuwa ananunua muda, na muda katika maradhi ni uhai.

Hapo wengi wetu husimama, wakadhani kuwa hadithi ya tauni imekwisha. Haikwisha. Itazameni vizuri ile amri ya pili. Mtu aliye nje akikatazwa kuingia, hapotezi kitu kikubwa, atarudi kwake. Lakini aliye ndani, mzima wa afya, akiambiwa akae asitoke, huyo amebebeshwa mzigo kwa ajili ya watu asiowajua. Usalama ni wa wote, na gharama ni yake. Je, sharia humwacha hivyo hivyo?

Sisi watu wa pwani tunao mfano katika vitabu vya fikihi unaotufaa, nao ni mfano wa chombo. Chombo kimeelemewa baharini, kinataka kuzama, na hapana budi shehena itoswe. Kutosa ni halali, bali roho za watu zikiwa hatarini ni wajibu. Ila hesabu hufanywa chombo kikifika bandarini. Katika madhehebu ya Imam Malik, hasara ya bidhaa zilizotoswa hugawanywa kwa wenye bidhaa zote zilizosalimika, wala haachiwi peke yake yule ambaye magunia yake yalikuwa karibu na ubavu wa chombo. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, anayeitosa mali ya mwenziwe bila ya idhini yake humlipa, hata kama aliitosa kwa dharura. Njia za wanavyuoni mbalimbali, lakini katika yote mawili mwenye mali aliyetosewa ana wa kumdai. Na mafakihi wameiweka kanuni yenyewe wazi, kuwa dharura haibatilishi haki ya mtu mwingine.

Sasa ulizeni, mwaka wa 2020 nani aliyetoswa? Mpagazi wa bandarini na sokoni, msukuma mkokoteni, muuza kahawa, utingo wa matatu, mama afuaye nguo za watu. Shehena yao ilikuwa ile siku moja ya kazi, nayo ikatupwa baharini kila siku kwa miezi. Tusidhulumu kwa maneno: serikali ya Kenya ilitangaza tarehe 25 Machi 2020 kuwa mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi asikatwe kodi ya mapato, na ikatenga shilingi bilioni 10 kwa wazee, mayatima na wanyonge wengine. Hayo ni mema. Lakini msamaha wa kodi ya mshahara humfikia mwenye mshahara. Mfuaji nguo hana karatasi ya mshahara, wala hakuwahi kukatwa kitu cha kurudishiwa.

Na wengine walilipishwa zaidi ya riziki. Siku ya kwanza ya kafyu, watu waliokuwa wakingojea kivuko Likoni warudi makwao walipigwa na kurushiwa moshi wa kutoa machozi, saa ya marufuku haijafika. Siku chache baadaye, Nairobi, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Amri iliyowekwa kuhifadhi nafsi ikaiua nafsi. Hatuhitaji mizani ndefu kulihukumu hilo.

Nirudi kwa Sayyidna Umar, kwa kuwa wengi hukumbuka tauni yake na kuisahau njaa yake. Tauni iliyoitwa ya Amwas, ambayo wanahistoria wametaja kuwa iliua watu wapatao 25,000, na ukame wa Hijazi ulioitwa mwaka wa Ramada, wengi wao wanaviweka pamoja katika mwaka wa 18 wa Hijra. Kiongozi mmoja, mwaka mmoja, misiba miwili. Katika ule wa maradhi aliuzuia msafara wake. Katika ule wa njaa aliandika barua kwa maliwali wake akitaka chakula, na imepokewa kuwa wa kwanza kuitikia alikuwa Abu Ubayda huyo huyo, kwa ngamia 4,000 waliobeba chakula kutoka Sham. Hakuwatuma wakusanyaji zaka mwaka ule, na mwizi aliyeiba kwa njaa hakumkata mkono. Yeye mwenyewe akaacha samli, akala mafuta mpaka rangi ya uso wake ikabadilika, ili ile njaa aijue kwa tumbo lake. Ama Abu Ubayda, tauni ilipozidi aliandikiwa barua ya kumtoa Sham, akafahamu makusudio yake, akaomba radhi kuwa hawezi kuwaacha askari wake. Akafa pamoja nao.

Na watoto wote wa chuoni wanakijua kisa cha usiku ule nje ya Madina, Sayyidna Umar na mtumishi wake Aslam walipouona moto, wakamkuta mama ametenga chungu na watoto wanalia kwa njaa. Chunguni mna maji matupu, na kwa wengine wasimuliavyo, mna mawe. Mama akamshitakia mgeni asiyemjua kuwa Umar amewatawala kisha amewasahau. Mgeni akarudi mbio, akajitwika gunia la unga mgongoni, akamkatalia Aslam kumpokea, kwa kuwa siku ya Kiyama Aslam hatambebea mzigo wake.

Nasi tukidhani kuwa ni kisa cha zamani, cha kusomeshea watoto, Aprili ya mwaka wa 2020 gazeti na redio zikatupa habari ya mama mjane wa Mombasa, aliyekuwa akifua nguo za watu na kazi ikakatika, akatia mawe katika sufuria akayachemsha mbele ya wanawe, ili wangojee mpaka usingizi uwachukue. Jirani ndiye aliyeigundua siri ile na kuitangaza, na watu wakamchangia kwa simu kutoka kila upande wa nchi. Jirani yule amefanya la Umar. Lakini je, sufuria ngapi zilichemka mawe ambazo hazikuwa na jirani?

Kwa hiyo, enyi ndugu, tukiulizwa kama kufunga kulikuwa sawa, tusikubali suali likatwe nusu. Aifungaye njia ameshakuwa mdhamini wa chungu cha aliyefungiwa, na deni hilo linaanza siku ile ile ya amri, halingojei mtu alie. Asiyeweza kuwalisha wiki nne asiwafungie wiki nne. Atafute kifupi zaidi, au kidogo zaidi, mtaa badala ya mji, saa badala ya siku. Na afungue mara tu sababu inapoondoka. Uganda ilizifunga skuli Machi 2020, na ufunguzi kamili ukawa tarehe 10 Januari 2022, takriban miaka miwili. Wako wasichana walioondoka darasani wakiwa watoto, na skuli zilipofunguliwa walikuwa wanalea watoto wao.

Wala tusiwaachie watawala peke yao. Kila kamati ya msikiti yaweza, tangu wiki hii, kuandika majina ya watu wa mtaa wake wanaoishi kwa kibarua cha siku, nyumba kwa nyumba, bila ya kuwaaibisha, awe Muislamu au asiyekuwa Muislamu, kwani njaa haiulizi. Asiyekuwa Muislamu atapewa katika sadaka, na Muislamu katika sadaka na zaka. Na ijulikane kuwa zaka ya mali yafaa kutangulizwa kabla ya mwaka wake kutimia, kama Mtume (S.A.W.) alivyomruhusu ami yake Abbas. Mwenye duka ambaye zaka yake huitoa Ramadhani, akisikia Rajabu kuwa njia zinafungwa, asingojee mwezi uandame.

Nasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwangu, kwenu na kwa Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.