Mgonjwa Anapoanguka Wodini

Ndugu zetu wa Kilosa na Mikumi,

Tunapotaja haki za mtumiaji, wengi hufikiria mizani ya dukani au bidhaa iliyopitwa na muda. Leo tunaomba tuingie wodini, kwa kuwa mgonjwa naye ni mtumiaji wa huduma, na mojawapo ya hatari zinazomkabili huko ni kuanguka na kuumia kichwa.

Mara nyingi mgonjwa huanguka usiku, anapokwenda msalani peke yake. Homa imempunguzia nguvu; dawa za shinikizo la damu au za usingizi zimemtia kizunguzungu. Mama aliyetoka kujifungua na mtu aliyefanyiwa upasuaji huweza kuzirai wasimamapo kwa mara ya kwanza. Basi mgonjwa aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, atulie, ndipo asimame akiwa ameshikwa. Ndugu anayemwuguza naye aangalie: je, breki za kitanda zimefungwa? Sakafu ni kavu? Tahadhari pia kwamba vyuma vya pembeni havimfai kila mgonjwa; aliyechanganyikiwa huweza kuvipanda na kuanguka kutoka juu zaidi.

Akianguka, msimnyanyue kwa pupa, maana huenda shingo imeumia. Mwiteni muuguzi wa zamu. Elezeni alivyoanguka, kama alizimia, na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Ombeni achunguzwe na tukio liandikwe katika faili lake.

Kukosekana kwa jeraha la nje si uthibitisho wa usalama. Damu huweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, na kwa mzee dalili zikachelewa hata wiki kadhaa, akiwa amekwisha kurudi nyumbani. Mrudisheni hospitali mara moja mkiona maumivu ya kichwa yanazidi, anatapika tena na tena, ana usingizi usio wa kawaida, amechanganyikiwa, ana degedege, upande mmoja wa mwili umelegea, au majimaji yanatoka puani au sikioni. Kipimo cha CT na daktari wa upasuaji wa ubongo havipatikani katika kila hospitali, na njia ya kutoka Mikumi kwenda Morogoro mjini hukatiza Hifadhi ya Taifa, ambako magari hulazimika kupunguza mwendo. Saa inayopotea nyumbani hujumlishwa na saa za barabarani.

Mkiwa na malalamiko, anzeni kwa muuguzi kiongozi wa wodi, kisha mganga mfawidhi, kisha Mganga Mkuu wa Wilaya. Suala likigusa maadili ya taaluma, lipo Baraza la Madaktari Tanganyika, na lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Andikeni tarehe, saa na mahali tukio lilipotokea.

Hatusemi kwamba kila anguko ni uzembe wa mtu. Tunachosema ni kwamba wapo wagonjwa wanaoanguka usiku, wakaona haya, wakanyamaza hadi asubuhi. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Anguko lisemwe siku ile ile.