Mlima Hauna Makosa

Ndugu zangu vijana, wako wanaopanga kutoroka wawili wakaoane mbuga ya Mlima Kenya, eti gharama za harusi zimewashinda. Mlima hauna makosa! Nikaha yasihi popote. Ukumbi na pilau si nguzo. Kwa Mashafi nguzo ni mume, mke, walii, mashahidi wawili, na ijabu na kabuli. Baba haiwezi baridi ya mlimani? Aweke wakili. Na akikataa bila sababu ya kisheria? Dada yangu, usitoroke. Nenda kwa Kadhi. Akiona umedhulumiwa, yeye hukusimamia kama walii. Nanyi wazazi, mwezi huu mtukufu tuseme ukweli: mahari mazito ndiyo yanayowapandisha watoto mlima kwa siri. Wabillahi tawfiq.