Ng'ambo ya Ruvuma, Uanzie Wapi?

Msikilizaji wetu wa Mtwara unayepanga kuvuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, usichague pa kwenda kwa uzuri wa picha. Vita vya waasi vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, vikaipiga Palma Machi 2021, havijaisha, na wenyeji wengi wamekimbia makwao. Barabara ya pwani si ya matembezi. Nenda Pemba ya Msumbiji kwa ndege, kisha uulize hali ilivyo siku hiyo. Pakiwa shwari, chagua kisiwa cha Ibo: ngome ya Wareno ya 1791, masonara wanaofua fedha, na wenyeji wake Wamwani ambao lugha yao utaisikia kama jamaa wa Kiswahili. Vyombo vya kuvukia kisiwani husubiri maji yajae, usiwe na haraka. Mimi ningelala Ibo siku tatu kuliko kukimbilia visiwa vitano.