Kizuizi na Daftari

Yafuatayo ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu mjini Kigoma, mbele ya walimu na watumishi wa serikali.



Nimeombwa nizungumze juu ya Palestina. Jambo hilo si geni kwetu. Mwaka 1973 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israeli, na Chama cha Ukombozi wa Palestina kikafungua ofisi Dar es Salaam. Mwaka 1988, dola ya Palestina ilipotangazwa, nchi yetu iliitambua mwaka huo huo. Lakini leo sikusudii kuzungumza juu ya maazimio wala mikutano mikuu. Nakusudia kuzungumza juu ya watu wachache wenye daftari, wanaosimama kando ya kizuizi cha kijeshi na kuandika wanayoyaona.

Tangu vita vya Juni 1967, Ukingo wa Magharibi wa Mto Yordani umekaliwa na jeshi la Israeli. Mtu aliye mbali hudhani kwamba vizuizi vya jeshi hilo vimewekwa mpakani. Sivyo. Vingi vimo ndani ya ardhi ya Wapalestina wenyewe, baina ya kijiji na mji wake, baina ya mkulima na shamba lake, baina ya mgonjwa na hospitali. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya 600: vituo vya askari, milango ya chuma, mitaro na marundo ya udongo yaliyoziba njia. Ni kana kwamba mwalimu akaaye Ujiji na kufundisha Mwandiga alazimike kila asubuhi kumwonyesha kibali askari wa taifa jingine, naye asijue kama leo lango litafunguliwa.

Katika kizuizi cha Bethlehem, kwa miaka mingi kabla ya vita vya Oktoba 2023, maelfu ya wafanyakazi walipanga foleni tangu saa tisa na saa kumi za usiku, wamebanana katika vijia vya vyuma, ili wawahi kazi ya saa moja asubuhi. Vita vilipoanza, vibali vya walio wengi vilisimamishwa, na hata foleni yenyewe ikawa ni kitu cha kutamaniwa.

Sasa, ni nani waliokuwa wakitazama? Mwaka 2001 wanawake kadhaa wa Israeli, raia wa taifa lile lile lenye jeshi lile, walianzisha kikundi kiitwacho Machsom Watch. Neno machsom kwa Kiebrania maana yake ni kizuizi. Wengi wao walikuwa watu wazima, wenye watoto na wajukuu. Mwaka uliofuata Baraza la Makanisa Duniani, kwa maombi ya viongozi wa makanisa ya Jerusalem, lilianza kupeleka watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, ambao kila mmoja alikaa huko miezi mitatu hivi. Watu hao hawakuwa na silaha wala amri. Walisimama, wakatazama saa, wakaandika: lango limefunguliwa saa ngapi, wamepita wangapi, wamerudishwa wangapi, na kwa sababu gani.

Mtu anaweza kuuliza: je, hiyo ni kazi? Ndugu zangu, hiyo ni kazi kubwa. Dhuluma ya kizuizi haitendwi kwa bunduki tu, bali kwa saa pia. Mtu akipigwa risasi, magazeti huandika. Mtu akicheleweshwa saa mbili, hana jeraha la kuonyesha. Mwajiri humwambia amechelewa, daktari humwambia zamu imekwisha, na mtoto hukuta mtihani umeanza. Akilalamika huambiwa kwamba ilitokea siku moja tu, kwa bahati mbaya. Daftari la miaka mingi ndilo linaloweza kujibu kwamba haikuwa siku moja. Mwezi Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Israeli kuendelea kuwapo katika maeneo hayo ni kinyume cha sheria. Hakuna mahakama inayoweza kufikia neno kama hilo kwa kusikiliza kelele za barabarani. Hufika kwa maandishi.

Sisi Waafrika tunalijua jambo hili kwa ngozi zetu. Mkoloni wa Kenya alimvika Mwafrika kipande shingoni, ndani ya kibweta cha chuma, chini ya sheria iliyotungwa mwaka 1915. Huko Afrika Kusini, tarehe 21 Machi 1960, watu walikwenda kituo cha polisi cha Sharpeville bila pasi zao, wakitaka wakamatwe. Polisi wakaua watu 69. Katika nchi hiyo pia walikuwako wanawake weupe wa chama cha Black Sash, kilichoundwa mwaka 1955, walioketi katika mahakama za pasi na kuandika jinsi Mwafrika alivyohukumiwa kwa dakika chache. Sheria za pasi zilifutwa mwaka 1986. Hazikufutwa na wanawake wale. Zilifutwa na mapambano ya wenyewe walioonewa. Lakini ilipofika siku ya kuulizana nani alijua, hakuna aliyeweza kusema kwamba mambo yale hayakuandikwa.

Wako wanaosema kwamba shahidi wa kizuizini hukipamba kizuizi, kwamba askari humtendea mtu vizuri mbele ya mgeni ili dunia ione ukaliaji wenye adabu. Lawama hiyo ina uzito. Shahidi akiridhika kwamba foleni imekwenda upesi, amesahau kuuliza foleni imewekwa kwa nini. Basi aandike yote mawili.

Nisingependa kuishia Palestina, maana ni rahisi kuhurumia foleni iliyo mbali. Sisi wa Kigoma tunaishi mpakani. Tumepokea Warundi mwaka 1972, tena mwaka 1993, na mwaka 2015 tuliwaona makumi ya maelfu wamejaa ufukweni Kagunga, kipindupindu kikiwaua, hadi meli ya Liemba ikawaleta hapa mjini. Mpaka wetu unastahili ulinzi, kwa kuwa silaha nazo huvuka. Kizuizi cha taifa huru katika nchi yake si sawa na kizuizi cha jeshi linalokalia nchi ya wengine, wala sitaki mtu achanganye mambo hayo mawili. Hata hivyo Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, na mwananchi wa hapa huulizwa uraia wake mara nyingi kuliko mwananchi wa Dodoma.

Miaka michache iliyopita nilikuwa ndani ya basi nikitokea Kasulu. Tulisimamishwa kwenye kizuizi. Bibi mmoja, aliyekuwa na ndoo ya mawese, aliulizwa kwa Kiswahili akajibu kwa Kiha. Akateremshwa. Alisema jina la kijiji chake na jina la mtendaji wake, lakini karatasi hakuwa nayo. Basi likaondoka bila yeye. Nilikuwa na daftari mfukoni na kalamu mbili. Mimi ni mwandishi. Hiyo ndiyo kazi ninayolipwa. Sikuandika saa, sikuandika mahali, sikuuliza jina. Nilitazama dirishani kama abiria wengine, nikiogopa kuchelewa. Mpaka leo sijui bibi yule alifika kwake siku gani.

Kwa hiyo, ndugu walimu, mfundisheni mtoto kuandika alichokiona: tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa, bila kuongeza chumvi. Nanyi watumishi wenzangu mnaokaa nyuma ya dirisha la ofisi, andikeni kila jioni ni wangapi mmewarudisha na kwa sababu gani. Tukiweza kulisoma daftari hilo mbele ya wananchi bila kuona haya, ndipo tutakapokuwa na haki ya kuzungumza juu ya Bethlehem.