Jina la Msimulizi: Uandishi na Hakimiliki katika Hifadhidata za Lugha



1.0 Utangulizi

Madhumuni ya mhadhara huu ni kujadili jambo linaloonekana kuwa kazi ya karani, ingawa ndani yake mna suala la haki: namna ya kuandika habari za mwandishi na hakimiliki tunapohifadhi hifadhidata za lugha. Mifano yangu inahusu Kibaha na Kisarawe, sehemu za Mkoa wa Pwani ambako Kizaramo na Kiswahili vimeishi pamoja kwa muda mrefu, na ambako mtafiti wa Dar es Salaam huweza kwenda asubuhi akarudi jioni na masimulizi tele.

2.0 Funzo kutoka Bagamoyo

Tuanze na jirani, katika mkoa huohuo. Mwaka 1903 kilichapishwa Göttingen, Ujerumani, kitabu cha Desturi za Wasuaheli. Kilitoka kwa jina la Carl Velten, aliyekusanya na kuhariri. Sehemu kubwa ya maandishi yenyewe ilikuwa ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin. Ilipita miaka 78 hadi tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen, mwaka 1981, ilipoliweka jina la Mtoro katika anwani ya kitabu. Hata hapo, anwani hiyo iliongeza maneno yenye maana ya "na Waswahili wengine". Mmoja alirudishiwa jina lake. Wenzake wamebaki kuwa "wengine".

3.0 Tabaka za uandishi

Kitabu angalau husafiri pamoja na dibaji yake. Rekodi ya hifadhidata hunakiliwa peke yake, huunganishwa na rekodi za kwingine, na maelezo ya utangulizi huachwa nyuma. Kwa hiyo habari za uandishi hazina budi kuwamo katika kila rekodi.

Tuchukue mfano wa ngano iliyosimuliwa kwa Kizaramo katika kijiji kimoja cha Kisarawe. Yupo aliyesimulia, aliyerekodi, aliyenukuu, aliyefasiri kwa Kiswahili, na aliyepanga hifadhidata. Nafasi moja iliyoandikwa "Mwandishi" haiwezi kuwabeba wote, na mara nyingi anayeachwa nje ni yule wa kwanza. Utaratibu wa Dublin Core, ulioanzishwa mwaka 1995, hutenganisha mtunzi, mchangiaji na haki. Jumuiya ya hifadhi za lugha ya OLAC, iliyoundwa mwaka 2000, ilikwenda mbali zaidi kwa kuorodhesha dhima kama vile mzungumzaji, mnukuzi na mfasiri.

Mahali nako ni sehemu ya utambulisho. Mkuranga ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kisarawe kabla ya kutengwa katika miaka ya 1990. Kanda ya zamani iliyoandikwa "Kisarawe" tu huenda ilirekodiwa Mkuranga. Tuandike kijiji, wilaya na mwaka.

4.0 Hakimiliki

Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, unalinda mkusanyiko kwa ajili ya uteuzi na mpangilio wake, bila kuathiri haki za kazi zilizomo. Maana yake ni kwamba aliyejenga hifadhidata anamiliki mpangilio; hajawa mmiliki wa kila alichokipanga. Mkataba huo unaweka muda wa kawaida wa ulinzi usiopungua miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Ikiwa mwandishi hatambuliki, tutaanzia wapi kuhesabu?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia sanaa za jadi. Masharti ya mfano ya UNESCO na WIPO ya mwaka 1982 yanataka jamii au mahali pa asili patajwe. Hata hivyo, kuandika "ngano ya Wazaramo" kusiwe kisingizio cha kumfuta bibi aliyeisimulia kwa ufundi wake mwenyewe. Jamii itajwe, na mtu atajwe.

5.0 Ukimya wa aina tatu

Wako pia wasiotaka kutajwa. Aliyeimba nyimbo za unyago anaweza kuwa na sababu nzuri za kuficha jina lake, na hata za kuzuia nyimbo hizo zisisikilizwe na kila mtu. Basi nafasi ya jina isiachwe wazi. Tutofautishe "halikuulizwa", "halijulikani" na "limefichwa kwa ombi lake". Neno la kwanza linaeleza uzembe, la pili hasara, la tatu heshima. Nafasi tupu huyachanganya yote matatu, na mtafiti wa kesho hatajua kama atafute jina hilo au alinyamazie. Kando yake iandikwe ruhusa: nani aliitoa, lini, na kwa matumizi gani.

6.0 Hitimisho

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tumekuwa hodari wa kukusanya mali. Napendekeza kila mwanafunzi anayekwenda uwandani ajaze daftari hili mbele ya msimulizi, amsomee, na asahihishwe kabla ya kuaga. Dakika kumi za Kisarawe zinaweza kutuepusha na miaka 78 mingine.