Kuvuna Asali Bila Kuua Nyuki
(Hotuba ya Katibu mbele ya wanachama, Dunda)



Twashukuru kupewa zamu ya kusema juu ya nyuki, ingawa wamekaa hapa wazee waliochonga mizinga kabla sisi hatujazaliwa. Tukikosea, watusahihishe.

Msimu wetu wa kwanza tulikosea sana, nasi hatuoni haya kukiri. Tulikwenda usiku kando ya mikoko na kienge cha makuti, tukauchoma mdomo wa mzinga, tukatoa masega yote, yenye asali na yenye watoto. Ndoo zilijaa, tukarudi tukiimba. Mwezi uliofuata tuliukuta mzinga mtupu, wamehamia mijusi.

Hesabu yenyewe ni hii: tangu yai kutagwa hata nyuki mtenda kazi atoke ni siku 21, malkia siku 16, dume siku 24. Aliyeteketezwa leo hapati wa kushika nafasi yake juma lijalo. Kwa hiyo yatupasa kuvuna masega ya pembeni yaliyofunikwa kwa nta. Ya watoto yasiguswe, na akiba waachiwe wenyewe, kwani zipo siku maua hakuna. Tena asali isiyofunikwa ina maji mengi, huchacha ingali ghalani.

Moshi uwe wa makumbi makavu ya nazi, tena uliopoa. Nyuki akiusikia hudhani msitu waungua, hukimbilia kunywa asali. Na aliyeshiba hana haraka ya kuuma. (Hata binadamu ni hivyo.)

Mzinga wa gogo hatuudharau. Lakini ule wa vibao, kila kibao upana wa milimita 32, hujengwa sega moja kwa kila kibao, ukaliinua bila kuvunja la jirani. Tuutundike kwa waya uliopakwa grisi, sisimizi wasipite, mbali na njia ya watoto na mbuzi. Mzinga wa gome tusiutengeneze: mti uliochunwa hufa, na mchu uliokufa hautoi maua.

Limebaki neno la ndoo. Wako wenzetu waliotaka masega meusi, yenye watoto na chavua, yapimwe pamoja na asali safi, kwa kuwa mizani haibagui. Wanunuzi wamekwisha kuturudishia ndoo za namna hiyo, na hasara tuligawana sote, hata waliochuja vyema. Msimu huu hatutaiandika daftarini. Atakayebisha na aje Jumamosi, tuichuje ndoo yake mbele ya macho yake, aone kitakachobaki kitambaani.